Mama Chokaa, Aliyenyimwa Neno Miaka Kumi na Tisa

Alizaliwa siku ya ukungu, mwezi wa sita mwaka 1938, katika nyumba ya vyumba viwili chini ya kilima cha mawe meupe, mahali ambapo moshi wa tanuri la chokaa haukuwahi kukatika. Baba yake alikuwa mchoma chokaa, mwana wa mchoma chokaa. Mama yake alikuwa mwanamke mpole, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya parokia. Wanasimulia kwamba siku ile vumbi jeupe lilikuwa limetanda juu ya paa, juu ya majani, hata juu ya kope za mkunga, na mtoto alipotolewa nje kuonyeshwa jua, jua lenyewe lilikuwa limefifia kama sahani iliyopakwa chokaa. Jina lake la ubatizo limo katika daftari la parokia, lakini hakuna aliyelitumia. Alipojua kutembea akaanza kukimbia, alipojua kusema akaanza kubisha, na baba yake akamwita Kiberiti. Jina likamkaa. Akitumwa maji, kabla mtumaji hajamaliza kusema alikuwa amekwisha kwenda na kurudi, na nusu ya maji imemwagika njiani.

Tunayasema haya waziwazi kwa sababu wapo wanaosimulia watakatifu kana kwamba walitoka tumboni wamepiga magoti. Huyu hakuzaliwa na subira. Aliipata kwa machungu, na machungu yenyewe hakuyanywa peke yake.

Alipokuwa na miaka sita alizaliwa mdogo wake wa kike, na miaka miwili baadaye mama yao akafa kwa homa ya siku nne. Kiberiti akamfunga mdogo wake mgongoni na hakumshusha mpaka miguu ya mtoto ikawa inaburuzika chini. Ndiye aliyemfundisha kula, kunawa na kufanya ishara ya msalaba. Mtoto yule alikuwa na mdomo usiofunga. Aliongea na kuku, aliongea na vyungu, aliongea hadi usingizini, na mtaa mzima ukamwita Chiriku. Jirani yao, mama mmoja dobi aliyefua nguo za altare, alipenda kusema kwamba nyumba ile haikuhitaji redio, ilihitaji kizibo. Dada mtu alicheka, kisha akamsuka mdogo wake nywele huku akisikiliza habari zote za kuku.

Yafaa msomaji ajue kidogo kazi ya chokaa, maana roho ya mwanamke huyu ilifinyangwa ndani yake. Jiwe la kilima huchomwa siku kadhaa bila kukoma. Likitoka tanurini huwa jepesi, jeupe, na lina kiu ya kutisha. Likikutana na maji huchemka bila moto, huvimba, hupasuka na kurusha matone yanayounguza kuliko mafuta. Kuligeuza jiwe hilo likawa uji mweupe ndiko kuzima chokaa, na kunafanywa kwa njia moja tu. Shimo hujazwa maji kwanza, kisha mawe hutumbukizwa machache machache, mtu akiwa amesimama upande unakotoka upepo, uso wake umefunikwa kwa kitambaa. Baada ya hapo uji hufunikwa kwa maji na kuachwa ulale mwaka mzima mpaka uwe laini kama maziwa mgando. Mchoma chokaa alikuwa na ubeti wake, aliourithi kwa baba yake, na aliwaimbia mabinti zake kila walipolikaribia shimo:

Maji kwanza, jiwe nyuma,
mwenye pupa huungua.

Mwaka 1957 kanisa jipya la parokia lilikuwa linamaliziwa, na askofu alitazamiwa kuja kulibariki. Kuta zilihitaji chokaa nyingi kuliko ile iliyolala mashimoni, kwa hiyo baba akachoma nyingine ya kuanza kuzimwa mapema kwa ajili ya kuta za nje, ambazo zingepigwa lipu mwaka ujao. Asubuhi ya tarehe tisa mwezi wa nane alipanda kilimani kuvunja mawe. Alisema wasiguse kitu mpaka arudi alasiri. Lakini jioni ile seremala kijana, aliyetengeneza mabenchi ya kanisa, alikuwa anakuja na shangazi yake kuzungumza na mzee habari za posa. Kiberiti alikuwa na miaka kumi na tisa. Hakutaka kukutwa na wageni ana vumbi kichwani kama kichaa wa kinu cha unga. Alitaka kazi iishe saa sita, aoge, avae. Chiriku, mwenye miaka kumi na mitatu, alimwambia wamngoje baba. Alimwambia mara mbili. Dada yake akamjibu kwamba midomo inayongoja ni mingi, mikono inayofanya ni miwili.

Shimo lilikuwa kavu, na kulijaza maji kungechukua asubuhi nzima, debe baada ya debe. Kiberiti akayamwaga mawe yote shimoni kwanza. Kisha akamwamuru mdogo wake alete maji ayamimine juu.

Kwa muda mfupi hapakutokea jambo. Mawe yaliyanywa maji kimyakimya, yakatoa sauti ndogo kama mtu anayevuta pumzi, na Chiriku, ambaye maisha yake yote alikuwa akitaka kujua kila kitu, akainama atazame. Ndipo shimo likatapika.

Pipa la maji lilikuwa hatua nne kutoka pale, limejaa hadi juu. Mtoto wa mchoma chokaa hujua kabla ya kujua kusali kwamba jicho lililoingiwa na chokaa huoshwa pale pale, huoshwa na kuoshwa mpaka mkono ukatike. Kiberiti alijua. Lakini alichota kopo moja, akalimwaga usoni pa mdogo wake, akambeba mgongoni kama zamani na kukimbia naye barabara nzima ya maghala hadi zahanati, mwendo wa nusu saa. Muuguzi alimsafisha mtoto kwa muda mrefu. Alipomaliza aliuliza kama nyumbani kulikuwa na maji. Kiberiti akasema kulikuwa na pipa zima.

"Basi mngemwosha pale pale mpaka pipa liishe," muuguzi alisema kwa upole, "ndipo mje."

Hakukemea, na upole ule ulimuumiza Kiberiti kuliko kofi. Pupa ya kwanza ilikuwa imeyaunguza macho ya mdogo wake. Pupa ya pili iliyazima. Chiriku alikuwa ameketi kwenye benchi, kitambaa cheupe kimemzunguka kichwa, miguu yake haigusi sakafu. Akageuza uso kuelekea mahali alipodhani dada yake amesimama.

"Nilikwambia tumngoje baba," alisema.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia dada yake, na baada ya hayo ilipita miaka kumi na tisa.

Asidhani mtu kwamba Chiriku alikuwa bubu. Aliongea na baba, na mama dobi, na katekista, na wapita njia aliowatambua kwa nyayo zao. Alitania, aliimba, alipiga umbeya. Kwa dada yake tu hakutoa neno, ingawa walilala chumba kimoja, wakala sahani moja, na mkono wa dada yake ndio uliomshika kila asubuhi kwenda Misa. Akiwa na haja alimwambia mtungi wa maji uliokuwa pembeni ya mlango. "Wewe mtungi," angesema, "mwambie mwenye mikono kwamba uji wa leo umeungua." Au, "Mtungi, muulize mwenye macho kama nje kuna jua." Na Kiberiti angejibu kwamba mtungi umesikia, na angepika uji mwingine. Majirani walicheka, kwa sababu ilichekesha. Mama dobi alisema ni nyumba pekee mjini ambayo mtungi ndio mkuu wa kaya. Lakini walipokwisha kucheka walienda zao, na ndani ya chumba kile walibaki wawili, na mtungi, na mwanga mweupe wa mchana uliopenya dirishani ukakaa sakafuni kama mtu wa tatu.

Seremala alingoja mwaka mmoja na miezi miwili. Alikuwa kijana mwema, akasema wangeweza kumchukua Chiriku waishi naye. Kiberiti akamwambia hawezi kumleta mdogo wake katika nyumba ya furaha iliyojengwa kwa macho yake. Seremala akaoa kwingine, akaendelea kutengeneza mabenchi. Baba yao hakumlaumu binti yake hata siku moja, ila hakuimba tena ule ubeti, na mwaka 1963 akafa, akiwaachia tanuri, mashimo manne na miiko miwili ya kupigia lipu.

Katika miaka ile ya kwanza Kiberiti alisali sana, lakini alisali kama alivyochota maji. Alifunga, alifanya novena tatu mfululizo, alitembea kwa magoti kutoka mlango wa kanisa hadi altareni. Kila sala ilikuwa na swali moja ndani yake: lini? Alimletea mdogo wake pipi, akamnunulia redio, akamshonea gauni, na baada ya kila zawadi alisimama mlangoni akisubiri neno kama mtu anayesubiri jibu la barua. Mtungi ukashukuru. Siku moja, mwezi wa pili mwaka 1964, uvumilivu ukamwishia. Alimshika mdogo wake mabegani akamtikisa, akamsihi amtukane basi, amlaani, aseme lolote. Chiriku akaugeuzia uso mtungi. Kiberiti akauinua mtungi akaupasua sakafuni, maji yakajaa chumba. Kesho yake akanunua mwingine. Chiriku aliupapasa tumbo, akamwambia mama dobi aliyekuwa dirishani: "Mpeni pole huyu mgeni. Ameletwa nyumba ya vita."

Jumamosi ile Kiberiti alienda kuungama kama alivyokuwa akienda kila Jumamosi, na dhambi aliyoitaja ilikuwa ile ile ya shimo na pipa. Paroko wa wakati huo alikuwa mzee mwenye kikohozi, mchache wa maneno. Aliyomwambia hatungeyajua kama Kiberiti mwenyewe asingeyasimulia mara nyingi baadaye, kwa wanawake wenye makosa yao.

"Mwanangu," alisema mzee yule, "dhambi hiyo Mungu alikusamehe mwaka wa kwanza. Unachoniletea hapa kila Jumamosi ni haraka. Umemharakisha mdogo wako mara mbili na sasa unataka Mungu akusaidie kumharakisha mara ya tatu."

Akakohoa.

"Hasira yake ndiyo mali pekee aliyobaki nayo. Usimnyang'anye."

Kwa malipizi alimpa jambo geni: asisali kuomba kitu chochote kwa mwezi mzima. Aende tu kanisani baada ya kazi, aketi mbele ya msalaba kwa muda wa mshumaa mmoja mdogo, arudi nyumbani.

Kiberiti alirudi na kwenda kukaa kando ya shimo kubwa, ambamo chokaa ya mwaka uliopita ilikuwa imelala chini ya maji. Ilikuwa saa nane mchana, joto limetulia, hakuna upepo. Maji yalikuwa meupe, hayana mwendo wala kivuli. Akasinzia akiwa ameketi. Alisimulia kwamba katika usingizi ule ulimwengu wote ulikuwa wa rangi ya maziwa, kilima na mbingu havikutengana, na ng'ambo ya shimo alikuwa ameketi mtu, suruali yake imekunjwa magotini kama kibarua, miguu yake imo ndani ya chokaa. Miguuni alikuwa na makovu mawili ya zamani. Kiberiti alitaka kumpigia kelele aitoe, ataungua. Lakini mtu yule alikuwa akiichezesha taratibu, kama mtoto aliyeketi kingoni mwa kijito. Kiberiti akamuuliza anangoja nini hapo.

"Mimi singoji," alisema yule mtu. "Nakaa nanyi."

Alipozinduka jua lilikuwa limehama kidogo tu. Miguu yake mwenyewe ilikuwa mikavu, lakini ukingo wa pili wa shimo ulikuwa na alama mbili za maji, zilizokauka akiwa anazitazama.

Tangu siku ile hakusali tena lile neno lini. Wengi hufikiri subira ni kuvumilia jambo mpaka likupe unachotaka, na wapo wahubiri walioshiba wanaowafundisha wenye njaa subira ya namna hiyo, ili wanyamaze. Mwanamke huyu hakuwafundisha wanyonge kunyamaza. Alijifundisha mwenyewe, yeye aliyekosa, kukaa karibu na yule aliyemkosea bila kumdai kitu. Aliacha zile zawadi. Aliacha kusimama mlangoni. Aliamka, akasali, akapika uji, akamshika mdogo wake mkono kwenda Misa, akaenda kwenye kuta zake. Mtungi ukisema uji umeungua, alionja, na kama haukuungua alisema, "Mtungi leo umekosea," na mama dobi aliapa kwamba mara moja alimwona Chiriku akiuma mdomo ili asicheke.

Miaka ikapita kama mawingu yasiyo na mvua. Saruji ikaingia mjini, watu wakaiona chokaa ni kitu cha wazee, na tanuri likawa linawashwa mara mbili tu kwa mwaka. Kiberiti alipiga lipu vyoo, mazizi, vibanda vya walinzi. Chiriku, aliyekuwa na vidole vyenye akili, alijifunza kufuma vikapu akauza kibarazani. Jioni walisali rozari wakipokezana, kila mmoja sehemu yake. Katika sala zile sauti zao zilikutana, lakini zilikutana mbele za Mungu tu, na zilipofika amina ziliachana.

Mwezi wa tatu mwaka 1976 kipindupindu kikaingia. Kilianzia kwenye nyumba za nyuma ya maghala, ambako visima na vyoo vilikuwa majirani, na katika wiki mbili makaburi mapya yalikuwa mengi kuliko majeneza. Wenye nafasi waliukimbia mji. Maduka yalifungwa; saruji haikumfaa mtu. Ndipo watu wakakumbuka chokaa, ambayo huua uchafu. Kiberiti aliyafungua mashimo yote. Akaenda nyumba kwa nyumba na ndoo mbili na brashi, akapaka kuta za vyumba vya wagonjwa, akamwaga chokaa vyooni, akawanyunyizia marehemu ambao ndugu zao waliogopa kuwagusa. Kila chumba alichoingia alikaa kidogo na mgonjwa kabla ya kuanza kazi, hasemi mengi, amemshika mkono. Watoto walimwona akipita mitaani mweupe toka unyweleni hadi kisiginoni, kama mtu aliyetoka ndani ya wingu, wakaanza kumwita Mama Chokaa. Jina la Kiberiti likafa wakati huo na hakuna aliyelizika.

Mama dobi, aliyemsaidia kubeba ndoo, ameacha ushuhuda kwamba walichota katika shimo kubwa kwa wiki kumi na moja, wakapaka nyumba mia mbili na kitu, na mstari wa chokaa ukutani mwa shimo ulishuka upana wa kidole kimoja tu. Alisema aliweka alama kwa mkaa kwa sababu alidhani macho yake yanamdanganya kwa njaa. Tunaliandika kama alivyolisema.

Wiki ya sita Chiriku akaugua. Mama Chokaa alirudi nyumbani mchana akamkuta amelala kando ya mtungi, midomo imekauka, ngozi ya mikono imelegea kama ya kizee. Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Alipelekwa katika shule iliyogeuzwa hospitali, akalazwa kwenye mkeka katika darasa la pili, chini ya ubao ambao bado ulikuwa na hesabu za kujumlisha. Dripu zilikuwa zimekwisha tangu juzi. Muuguzi, binti aliyekuwa anasinzia akiwa wima, alimpa Mama Chokaa sufuria ya maji yaliyochanganywa sukari na chumvi, pamoja na kijiko. Akamweleza kwamba mgonjwa atakuwa na kiu ya kunywa mto mzima, lakini akipewa kwa pupa atatapika yote na hataifikia kesho. Kijiko kimoja, kisha angoje, kisha kijiko. Wengi wanafia hapo, muuguzi alisema, kwa sababu ndugu zao wanawaonea huruma na kuwapa kikombe.

Hapo ndipo maisha yake yote yalipokuja kuketi juu ya kijiko kimoja. Akifa Chiriku, atakufa bila kumwambia neno, na ukimya ule hautakuwa na wa kuuvunja tena. Kila kitu ndani yake, ile damu yote ya zamani ya Kiberiti, kilitaka kumwinua mdogo wake na kummiminia sufuria nzima kooni. Chiriku alikuwa akiomba maji kwa sauti ya kitu kinachovunjika, lakini hakumwomba yeye. Aliuomba mtungi, ambao haukuwapo. Mama Chokaa akatia kijiko kimoja mdomoni mwake. Kisha akasali Baba Yetu, pole, neno kwa neno, mpaka mwisho. Kisha kijiko. Kisha Baba Yetu.

Mchana ukaenda hivyo. Usiku ukaja ukapita, na asubuhi ikaingia darasani ikiwa ya rangi ya kijivu laini, na wengine katika mikeka ya jirani walikuwa wamefunikwa nyuso. Waliokuwapo wanasema darasa lilikuwa na ukimya usio wa kawaida, kana kwamba hata waliokuwa wakilia walilia kwa mbali, na kijiko kilipanda na kushuka kama kitu kinachopumua. Mama Chokaa hakujua tena amesali mara ngapi. Hakujua tena kama anamwomba Mungu au Mungu ndiye anayesali ndani yake. Karibu saa mbili, sala ikiwa katikati, usingizi ukamkuta akiwa ameketi, na mkono wenye kijiko ukatua mapajani.

"Dada," ilisema sauti mkekani. "Kijiko kimechelewa."

Mama Chokaa akafungua macho. Hakulia wala hakumkumbatia. Aliogopa kuigusa ile hewa neno lilimopita.

"Niwie radhi, mdogo wangu," alisema, akachota.

Chiriku akameza. Akakunja uso kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka kumi na mitatu.

"Halafu unasali kimoyomoyo. Nitajuaje umefika wapi? Sali kwa sauti, nami nihesabu."

Wakasali kwa sauti. Kufikia adhuhuri Chiriku alikuwa akishika kijiko mwenyewe, na kufikia jioni alikuwa akimweleza mgonjwa wa mkeka wa tatu habari za kuku waliokufa miaka ishirini iliyopita.

Waliishi pamoja miaka kumi na mitatu zaidi. Mama dobi alisema kwamba Chiriku alikuwa na akiba ya maneno ya miaka kumi na tisa na aliazimia kuimaliza kabla ya kiyama. Mama Chokaa alikuwa akirudi kutoka kazini, anaketi, na kusikiliza. Hawakuzungumza kamwe juu ya tarehe tisa mwezi wa nane. Wanawake waliokosana na waume zao, wazee waliokataliwa na watoto wao, mtu mmoja aliyemgonga jirani yake kwa baiskeli akamvunja nyonga, wote walikuja kukaa kibarazani, na Mama Chokaa aliwasimulia ya paroko na ya shimoni. Hakumpa mtu yeyote shauri jingine.

Vumbi la miaka hamsini lilikuwa limejenga nyumba mapafuni mwake. Alianza kukohoa mwaka 1987, na mwezi wa kumi na moja mwaka 1989, saa tisa alasiri, alifariki akiwa na miaka hamsini na mmoja, kichwa kimelala mapajani mwa mdogo wake, ambaye alikuwa katikati ya hadithi. Chiriku aliimaliza hadithi kwanza. Kisha akawaita watu.

Siku ya maziko walioshika jeneza waliona viganja vyao vyeupe, ingawa ubao ulikuwa umepakwa rangi nyeusi, na weupe ule ulichukua siku tatu kutoka. Mama mmoja aliyefiwa na mwanawe, akawa hapati usingizi, aliegemeza shavu kwenye ukuta ambao Mama Chokaa aliupiga lipu zamani, akausikia una uvuguvugu kama mgongo wa mtu, akalala papo hapo hadi kulipokucha. Wengine wamesema mambo makubwa zaidi ambayo hatuyaandiki. Kanisa halijatamka neno juu yake, nasi hatulitangulii. Tukimwita mtakatifu, ni kwa upendo, na hukumu tunamwachia Mungu mwenyewe.

Mwaka 1994 padri kijana alitumwa kukusanya ushuhuda. Aliketi na Chiriku kibarazani siku mbili, akaandika madaftari matatu, na mwishoni akamuuliza swali ambalo mji mzima ulikuwa ukiogopa kumuuliza: alimsamehe dada yake lini, ni siku ile ya kijiko? Chiriku alikuwa anafuma. Vidole vyake vikasimama.

"Baba, kumchukia nilichoka mapema," alisema. "Mwaka wa saba, labda wa nane. Siku moja niliamka nikaitafuta ile hasira, nikaikosa."

Padri akauliza, basi ile miaka mingine yote alinyamaza kwa nini.

"Aibu. Nilikuwa nimenyamaza sana, sikujua pa kuanzia. Ningeanza na neno gani? Kila neno lilikuwa dogo." Akaendelea kufuma. "Angenisukuma ningepata sababu ya kuchukia upya. Hakunisukuma. Alipika uji, akakaa."

Haya ndiyo aliyotuachia Mama Chokaa, na yafaa kufuatwa na kila aliyewahi kukosa. Kama kuna mtu uliyemuumiza na mlango wake umefungwa, usiupige ngumi, wala usimhubirie kupitia tundu la ufunguo kwamba Mungu anataka asamehe. Mweleze Mungu kosa lako mara moja, uamini neno lake, kisha ufagie kizingiti cha nduguyo, umwekee maji, ukae. Aliye ndani huenda amekwisha kufika mlangoni siku nyingi, mkono u juu ya komeo, na anachotafuta ni namna ya kufungua tu.